Mchujo wa Chini: Kumwagilia kwa Matone Mimea ya Ndani Iliyopandwa kwenye Makumbi ya Nazi

"Mwanangu, ndoo hizo zimelowa tangu asubuhi, na bado unazimwagilia? Si utaozesha mizizi?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja jirani yetu hapa Tanga, mtu mzima ambaye amelima mchicha na mihogo tangu ujana wake. Alikuja kurudisha kinu, akapita mlangoni pa chumba cha uani na kuona ndoo 6 za pilipili hoho zimepangwa chini ya taa. Pampu ilinguruma dakika chache, matone yakadondoka kwenye kila ndoo, kisha kimya. Tukakaa barazani tukaongea, na baada ya saa mbili pampu ikanguruma tena. Ndipo akauliza.

Kwa anayeujua udongo, swali lake ni la haki. Ukimwagilia tuta la mchicha mara tano kwa siku, hasa penye udongo wa mfinyanzi, hewa inakosa pa kukaa na mizizi inaoza. Nikamjibu, "Mama, humo hamna udongo. Ni makumbi ya nazi yaliyosagwa." Akashika kidevu. "Makumbi si ya kuwashia moto?"

Ni ya kuwashia moto, ni ya kamba, na siku hizi ni ya kupandia pia. Ila yana tabia zake, na anayeyamwagilia kama udongo atapata hasara hata akinunua vifaa vya bei mbaya. Nimeona watu wakianza na pampu na taima ya kuiwasha na kuizima, wakafunga mipira ya maji kwa ustadi, kisha majani yakakunjamana na wasijue kosa liko wapi. Wanapekua mipira, wanabadili pampu, na shida inabaki pale pale kwa sababu iko ndani ya ndoo. Kwa hiyo tuanzie humo.

Konzi moja ya makumbi

Kumbi ni lile ganda nene lenye nyuzi lililo kati ya ngozi ya nazi na kifuu. Ukilipondaponda unapata vitu viwili. Kuna nyuzi ndefu, usumba, ambao wazee wetu wamesokotea kamba na kujazia magodoro miaka na miaka. Na kuna chenga laini za kahawia zinazodondoka wakati nyuzi zinapochambuliwa. Zamani chenga hizo zilikuwa taka. Leo ndizo zinazoshindiliwa na kuuzwa kama matofali, na wakulima wengi wanaziita kokopiti. Nyingi zinazouzwa duniani hutoka India na Sri Lanka. Tofali la kilo 5 ukilitia maji huvimba hadi kufikia lita 60 au 70, na kulitazama likifumuka ndani ya beseni ni jambo la kupendeza.

Sasa chukua konzi ya chenga hizo zikiwa zimelowa, ukamue. Maji yatachuruzika hadi kwenye kiwiko. Fungua mkono: zinafumuka tena kama sifongo. Fanya hivyohivyo kwa udongo wa mfinyanzi uliolowa, utabaki na donge lenye alama za vidole vyako. Hapo ndipo tofauti ilipo. Makumbi yakishamwagiliwa na maji ya ziada yakachuruzika, bado yanabaki na nafasi za hewa kati ya chembe na chembe. Mizizi inakunywa na kupumua kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mara tano kwa siku haiozeshi kitu, ilimradi ndoo ina matundu chini na haikukaa kwenye dimbwi.

Jambo la pili ni kwamba makumbi hayana chakula cha maana. Yana potasiamu, yana chumvi chumvi, basi. Nitrojeni, fosforasi, kalsiamu na vingine vyote vinaletwa na maji. Kwenye bustani ya udongo unaweza kutia samadi mwezi huu na kumwagilia maji matupu mwezi ujao. Kwenye makumbi kila tone linabeba mbolea, kwa hiyo kumwagilia na kulisha ni tendo moja.

Hapo ndipo panapozaliwa jambo la tatu, ambalo ndilo linalowaangusha wengi. Mmea hunywa maji haraka kuliko unavyochukua chumvi za mbolea. Tuseme umemwagilia maji yenye mbolea ya kiwango cha 1.6 kwenye kipimo cha chumvi kiitwacho EC, kinachosomwa kwa milisimensi. Jua likawa kali, nusu ya maji ya kwenye ndoo ikanyweka na kukauka. Chumvi nyingi imebaki palepale, ila sasa imo ndani ya maji nusu. Mizizi iliyozoea 1.6 sasa imeoga kwenye kitu kinachokaribia 3. Maji yenye chumvi nyingi hivyo yanashindana na mzizi badala ya kuingia ndani yake, na ncha za majani zinaungua. Mwenye mmea anaona majani yameungua, anadhani mbolea haitoshi au maji yamezidi, anapunguza maji, na chumvi inapanda zaidi.

Kwa hiyo makumbi hayaachwi yakauke ili "mizizi itafute maji". Yanawekwa katika hali ya kulowa inayokaribiana asubuhi hadi jioni, na kila siku maji kidogo yanaachwa yapite hadi chini, yabebe chumvi iliyolundikana. Hayo yanayotoka chini nitayaita mchujo. Mtambo wote wa matone, pampu yake na taima yake, unatumikia mambo hayo mawili tu: kiasi kidogo kwa mikupuo mingi, na mchujo kila siku. Mkono wa binadamu unaweza kufanya hivyo kwa siku tatu. Siku ya nne kuna harusi, au kazi, au usingizi.

Chumvi ya bahari na kitako cheusi

Kabla ya mtambo, makumbi yenyewe yatayarishwe. Hapa pwani tuna hatari yetu maalumu. Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani na jirani zake, wanawake hufukia makumbi kwenye mchanga wa bahari kwa miezi kadhaa ili yalainike, kisha huyafukua na kuyaponda wapate usumba. Ni kazi ngumu, na kamba zake ni imara. Lakini chenga zinazobaki zimeshiba maji ya bahari. Hata makumbi yasiyoguswa na bahari huwa na sodiamu na potasiamu ya kutosha kusumbua. Ukipata chenga za bure kwa wasokotaji kamba, zioshe na maji baridi yasiyo na chumvi, tena na tena, hadi maji yanayotoka yasome EC isiyozidi karibu 0.5 juu ya maji uliyotia.

Kuosha peke yake hakutoshi, na hili huwa linafichika. Sodiamu na potasiamu nyingine imejishika kwenye chembe zenyewe, kama abiria waliokalia viti. Maji matupu hayawaondoi. Kalsiamu inawaondoa, kwa sababu ina nguvu zaidi ya kushika viti hivyo. Usipowaondoa mapema, kalsiamu unayoileta kwa ajili ya mmea itakaa kwenye viti, na potasiamu na sodiamu zitateremka kwenye maji ya mizizi. Mmea unakosa kalsiamu huku unamwagiliwa kalsiamu kila siku.

Mavuno yangu ya kwanza ya hoho yalinifundisha hilo. Matunda yalikuwa yananenepa, ya kijani yanayong'aa. Siku moja nikageuza moja: kitako chake kilikuwa na doa la maji, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Baada ya siku chache likawa jeusi, limebonyea, kavu kama ngozi. Nikageuza mengine, karibu nusu yalikuwa hivyo. Huko ndiko kuoza kitako, na nyanya nayo huupata. Kwangu sababu zilikuwa mbili pamoja: makumbi ambayo hayakubadilishwa chumvi, na umwagiliaji wa kushtukiza, leo mwingi kesho kidogo. Kalsiamu husafiri na maji ndani ya mmea. Maji yakikatikakatika, tunda lililo mbali ndilo linalokosa.

Dawa yake ni rahisi. Yeyusha gramu 15 za naitreti ya kalsiamu kwenye kila lita 10 za maji, loweka makumbi humo usiku kucha, yachuje, kisha suuza kidogo kwa maji safi. Tafadhali usichukue CAN, yaani naitreti ya amonia yenye kalsiamu, ukadhani ni kitu kilekile kwa sababu tu ya jina kufanana. CAN inapatikana kila duka la pembejeo na ni nzuri kwa mahindi, ila ina chokaa isiyoyeyuka ambayo itaziba mtambo wako, na nitrojeni yake nusu ni amonia. Omba naitreti ya kalsiamu ya kuyeyuka, ile ya umwagiliaji.

Na maji ya kuanzia nayo yapimwe. Kisima chetu kinasoma 1.4 kabla sijatia mbolea yoyote, na sehemu kubwa ya hiyo ni chumvi ya kawaida ambayo hoho haina haja nayo. Kwa hiyo natumia maji ya mvua kutoka kwenye bati, na yakipungua nachanganya na ya bomba.

Nguvu ya maji

Sasa tufunge mtambo. Swali la kwanza si pampu ya bei gani bali ni dripa gani, yaani kile kidude kinachotoa maji tone kwa tone, kwa sababu dripa ndiyo inayoamua pampu.

Dripa si tundu dogo tu. Simcha Blass, mhandisi wa maji wa Israeli, ambaye kazi yake ndiyo iliyozaa kampuni ya umwagiliaji ya Netafim katika kibbutz (kijiji cha ujamaa) cha Hatzerim mwaka 1965, aliona kwamba tundu dogo huziba haraka. Badala yake alipitisha maji kwenye njia ndefu inayojizungusha, yakaishiwa nguvu njiani, yakatoka tone kwa tone kupitia uwazi usiozibika upesi. Dripa za leo zina njia hiyo ndani. Zilizo bora zimeongezewa utando wa mpira unaojibana nguvu ya maji ikizidi na kulegea ikipungua, hivyo dripa ya kwanza na ya mwisho hutoa kiasi kilekile. Kwenye pakiti hutajwa kwamba zinasawazisha msukumo, na nyingine pia hujifunga kabisa pampu ikizimwa.

Ila utando huo una sharti lake. Unahitaji msukumo wa karibu bar 1, au angalau nusu bar, ndipo ufanye kazi. Safu ya maji yenye kimo cha mita 10 ndiyo inayoleta bar 1. Ile pampu ndogo ya kuzamisha, ya tenki la samaki, inayoandikwa kwamba inapandisha maji mita 1.5, inatoa bar 0.15. Ndoo uliyoiweka juu ya meza inatoa bar 0.1. Ukiunganisha dripa nzuri za bei kubwa na pampu ya samaki, zingine zitatoa, zingine zitalia machozi, zingine kimya. Watu wengi hurudisha dripa dukani wakisema mbovu, na dripa hazina kosa.

Kwa hiyo chagua upande mmoja. Ukiwa na pampu ya samaki au ndoo iliyoinuliwa, tumia dripa za kukaza kwa mkono, au mipira midogo ya milimita 4 iliyo wazi na yenye urefu sawa kabisa, ndoo zote zikae kimo kimoja, na ukubali kurekebisha mara kwa mara. Ukitaka kusafiri kwa amani, tumia dripa za kusawazisha pamoja na pampu ya volti 12 ya aina inayokaa ndani ya yale mabomba ya mgongoni ya betri ya kupulizia dawa. Mafundi wetu wanaijua, vipuri vyake vinapatikana. Lakini isiwe imetoka kwenye bomba lililowahi kubeba dawa ya kuua magugu. Mabaki kidogo sana yatakumalizia mimea, na kuosha hakuaminiki. Nunua mpya.

Pampu hii ina tatizo lake moja ambalo fundi asiyeijua mimea hatalitarajia. Ndoo zangu 6 zina dripa 12 za lita 2 kwa saa. Jumla yake ni lita 24 kwa saa, yaani chini ya nusu lita kwa dakika, na pampu ina uwezo wa kusukuma lita 3 na zaidi. Maji yanakosa pa kwenda, msukumo unapanda, swichi ya pampu inajizima, msukumo unashuka, inajiwasha. Utaisikia inakohoa: tak-tak-tak. Ikikohoa hivyo kwa wiki kadhaa swichi inaungua. Weka tii, kiungo cha midomo mitatu, mara baada ya pampu, mdomo mmoja uende kwenye dripa, mwingine urudi ndani ya tenki kupitia koki. Fungua koki hiyo taratibu hadi kikohozi kiishe na geji isome kati ya bar 1 na 1.5. Maji yanayorudi yanakoroga mbolea pia, kwa hiyo unapata faida mara mbili.

Mpangilio uliobaki ni mwepesi. Tenki langu ni dumu jeusi la lita 60, maana tenki linalopitisha mwanga linaota mwani. Limewekwa sakafuni, kivulini. Baada ya pampu kuna chujio la diski la mikroni 130. Kisha mpira wa milimita 16 unazunguka ndoo zote na kurudi kujiunga na ulipoanzia, kama pete, ili msukumo ugawanyike sawa. Dripa zinachomekwa kwenye mpira huo, na kutoka kila dripa mpira mdogo unakwenda kwenye kijiti kilichochomekwa ndani ya ndoo. Kila ndoo ina vijiti viwili, kimoja kila upande wa shina. Hii si anasa. Kwenye makumbi yenye chenga nene, tone huteremka wima bila kutanuka sana, na kijiti kimoja kitaacha nusu ya ndoo ikiwa kavu huku mchujo unatoka chini kana kwamba mambo ni mazuri.

Mtambo wangu wa mwanzo haukuwa hivyo. Tenki nililiweka juu ya meza, ndoo zikiwa chini, mipira ikiwa wazi. Jioni pampu ilijizima kama ilivyopangwa, ila maji yaliendelea kushuka yenyewe, kwa kuwa yalikuwa yameshajaza mpira na usawa wa tenki ulikuwa juu ya midomo ya mipira. Asubuhi lita 40 zilikuwa sakafuni. Ama weka tenki chini kuliko ndoo, ama toboa katundu kadogo kwenye mpira mahali ulipo ndani ya tenki juu ya usawa wa maji, hewa iingie pampu ikizimwa. Au tumia zile dripa zinazojifunga.

Umeme nao usichukuliwe kwa urahisi palipo na maji. Pampu ya volti 12 ni salama zaidi kuliko ya 230, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuichagua. Kigeuzi cha umeme kiwe ukutani juu, na waya uachwe uning'inie kwenda chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likifuata waya lidondoke kwenye mkunjo. Mimi nimeunganisha pampu na betri ya sola iliyokuwepo nyumbani. Umeme ukikatika, au luku ikiisha nikiwa safarini, taa zitazima ila hoho zitakunywa.

Taima iwe ya kidijitali, yenye betri yake ndani na inayopangika kwa dakika. Zile za kuzungusha zenye meno ya dakika 15 hazifai: umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, ratiba nzima inachelewa kwa muda huohuo, na jino moja tu linamwaga lita nzima kwa kila ndoo. Halafu kumbuka taima inasoma saa za kizungu. Nimeshakuta mtambo wa rafiki yangu umepangwa 02:00 akikusudia saa mbili asubuhi, na pampu ilikuwa inafanya kazi usiku wa manane, mchana mimea inasinzia. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa kumi jioni ni 16:00.

Kujua kiasi

Kabla ya kupanga ratiba, pima dripa zako. Weka kikombe chini ya kila kijiti, washa dakika 5. Dripa ya lita 2 kwa saa itoe karibu mililita 167. Kinachopungua au kuzidi zaidi ya moja ya kumi, kitazame.

Ndoo zangu ni za lita 10 za makumbi. Kanuni ninayoifuata ni mkupuo mmoja uwe kati ya asilimia 2 na 5 ya ujazo wa makumbi, yaani mililita 200 hadi 500. Dripa mbili zinanipa mililita 67 hivi kwa dakika, kwa hiyo dakika 4 ni mililita 267. Mikupuo mitano kwa siku inakuwa lita 1.3 kwa ndoo, lita 8 kwa ndoo zote, na tenki la lita 60 linafika wiki moja. Taa zangu zinawaka saa kumi na mbili asubuhi. Mkupuo wa kwanza ni saa mbili, baada ya majani kuamka na kuanza kuvuta maji. Inafuata saa nne, saa sita, saa nane, na wa mwisho saa kumi. Usiku mtambo unalala, kwa kuwa mmea usio na mwanga haunywi sana.

Lakini usinakili namba hizi. Ni za hoho zenye umri wa miezi miwili, kwenye chumba chenye dirisha la wavu linaloingiza upepo wa bahari. Zako utazipata kwenye mizani. Chukua ile mizani ya kuning'iniza ya begi, pima ndoo moja jioni ikiwa imeshachuruzika, kisha asubuhi kabla ya mkupuo wa kwanza. Yangu ilisoma kilo 8.1 jioni, 7.6 asubuhi. Nusu kilo, nusu lita. Hiyo ni sawa. Ikishuka kwa kilo 2, mikupuo haitoshi. Isiposhuka kabisa, mizizi ina tatizo au mmea bado mdogo. Mche uliohamishwa juzi una mizizi ya konzi moja katikati ya ndoo ya lita 10. Unatosheka na mkupuo mmoja au miwili, vijiti vikisogezwa karibu na shina.

Sasa turudi kwenye mchujo. Ndoo zangu zimekaa juu ya vipande vya mbao, na chini yake kuna bati lililokunjwa kama mfereji, lenye mteremko kidogo, linalomimina kwenye ndoo ya pembeni. Ndoo ya mimea isiguse mchujo wake, maana makumbi yataunyonya tena na chumvi itarudi ilikotoka. Mara moja kwa wiki nakinga mchujo wa ndoo moja peke yake, kwa kuwa mchujo wa zote ukichanganyika huficha ndoo yenye shida. Naangalia mambo mawili. Kiasi: kiwe kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya tano ya maji yaliyoingia siku hiyo, kwangu ni kama kikombe kimoja cha chai. Halafu chumvi: nikimwagilia 1.6, mchujo ukisoma 1.8 au 2.0 nalala. Ukisoma 3, najua chumvi imelundikana.

Hapo wengi hukimbilia kuosha kwa maji matupu. Tafadhali usifanye hivyo. Maji matupu yanaondoa kalsiamu na magnesiamu, na mizizi inapata mshtuko wa kutoka kwenye chumvi nyingi hadi sifuri kwa saa moja. Punguza mbolea hadi nusu ya kawaida, ongeza mikupuo miwili kwa siku mbili au tatu, pima tena. Mchujo wa kawaida namwagia mpapai ulio uani, nao umenenepa kweli kweli.

Asidi ya maji ni jambo fupi: pH iwe kati ya 5.8 na 6.2 baada ya kutia mbolea. Ikiwa juu, ishushwe kwa asidi ya fosforiki kidogo kidogo. Ndimu itaishusha leo, ila vijidudu wataila na pH itapanda tena siku chache baadaye, na watakuachia utelezi ndani ya mipira.

Kinachoziba

Dripa zikianza kuziba, tazama unavyochanganya mbolea kabla ya kulaumu maji. Kalsiamu ikikutana na salfeti ikiwa nzito inakuwa jasi, ikikutana na fosfeti inakuwa unga mweupe. Ndiyo maana mbolea za kuyeyusha huuzwa sehemu mbili. Jaza tenki maji kwanza, tia sehemu moja, koroga, ndipo utie nyingine. Ukiona maji yamegeuka kama tui, yamwage. Usiyapitishe kwenye mtambo ukitumaini chujio litayazuia. Chai ya samadi nayo, pamoja na uzuri wake shambani, haina njia humu.

Kila wiki mbili naifungua ile pete ya mpira mkubwa kwenye kiungo kimoja na kuacha maji yatoke kwa nguvu nusu dakika. Ya kwanza hutoka na vitu vya kahawia, kisha yanasafika. Dripa iliyokwisha kuziba kwa chokaa nailoweka kwenye siki usiku mmoja.

Mwezi uliopita nilikwenda msibani Lushoto siku 5. Kabla ya kuondoka niliuacha mtambo ufanye kazi siku 3 bila mimi kuugusa, huku nipo nyumbani nautazama. Nilijaza tenki, nikasafisha chujio, nikapima betri. Kisha nikampelekea ufunguo mama jirani. Sikumweleza pampu wala taima. Nilimwonyesha ile ndoo ya pembeni inayopokea mchujo. "Mama, ukipita saa kumi na moja jioni, chungulia humu tu. Yakiwemo maji, usiguse kitu. Ikiwa kavu, nipigie." Akachungulia, akachovya kidole. "Kumbe haya ndiyo yanayokupa usingizi?" Alipiga simu siku ya pili. Ndoo haikuwa kavu. Ilikuwa imejaa, na alitaka kujua kama anaweza kuyamwagia mchicha wake.